Tetemeko la ardhi: maswali yanayoulizwa kila ardhi inapotikisika

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yameulizwa, kwa maneno haya haya au yanayokaribiana nayo, kwenye mikutano ya vijiji, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye makundi ya WhatsApp, hasa tangu tetemeko la Kagera la mwaka 2016. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu yanastahili. Mengine jibu lake ni sentensi mbili, na hakuna haja ya kulivuta.

Je, kwetu kweli ni eneo la matetemeko, au Kagera ilikuwa bahati mbaya tu?

Ni eneo la matetemeko. Ganda la dunia chini yetu linavutwa pande mbili: magharibi kuna bamba (yaani kipande kikubwa cha ganda hilo) la Nubia, ambalo limebeba sehemu kubwa ya Afrika, na mashariki kuna bamba la Somalia. Katikati yao, pale lilipo Ziwa Viktoria, kuna bamba dogo lililobanwa kama abiria wa katikati kwenye daladala. Bonde la Ufa ndiyo mishono inayofumuka pande zote mbili za bamba hilo dogo. Tawi la mashariki linashuka kutoka Ethiopia kupitia Turkana, Nakuru, Natron na Manyara. Tawi la magharibi linapinda kupitia maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa.

Mishono hiyo inafumuka kwa milimita chache kwa mwaka. Kucha yako hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja au miwili. Ni mwendo mdogo, lakini hausimami, na mwamba ukivutwa hujikaza miaka na miaka kabla ya kukatika na kuteleza kwa sekunde chache. Mteleko huo ndio tetemeko.

Watu wengi hudhani la Kagera ndilo kubwa kuliko yote kwetu, kwa sababu ndilo wanalolikumbuka. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, Kenya, ilipigwa na tetemeko la 6.9 lililopasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Machi 1966 lilitokea Toro, Uganda, karibu na milima ya Rwenzori, na likaua watu zaidi ya mia moja. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitoa la 6.8. Mtu aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1920 hakuliona lile la 1910, na mjukuu wake huenda hajawahi hata kulisikia. Pengo refu kati ya tetemeko na tetemeko ndilo linalotufanya tujenge kana kwamba hakuna linalokuja.

Mbona matetemeko yenye namba ileile yanatofautiana sana kwa madhara?

Laiti watu wangeanza na swali hili badala ya kuanza na "lilikuwa la ngapi?". Tuchukue namba moja, 5.9, tuone ilivyotembea ukanda wetu.

Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la 5.9 lilitokea karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima Gelai. Nairobi watu walishuka ngazi mbio kutoka maghorofani. Lakini kwenye kitovu chenyewe, yaani pale ardhini palipo juu ya chanzo cha tetemeko, kulikuwa na nyika, mifugo na boma chache, na madhara yakawa madogo.

Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, lingine la 5.9 lilitokea kusini mwa Ziwa Kivu, upande wa Bukavu na Rusizi. Makumi ya watu walikufa Rwanda na Kongo. Wengine walikuwa ibadani, na kuta za kanisa ndizo zilizowaangukia.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, Kagera: 5.9. Wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa.

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na dakika kadhaa, tetemeko la karibu 6 lilitokea baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Zanzibar, Mombasa, hadi Nairobi. Watu wa Dar walitoka nje na khanga na pensi, wakapiga soga barabarani hadi usiku, kisha wakarudi kulala.

Namba inakaribiana mara nne, na nchi ileile ya Bonde la Ufa na pwani yake. Kilichobadilika ni nani alikuwa juu ya kitovu, saa ngapi, na chini ya paa la namna gani. Wanaopima hatari ya tetemeko huzidisha vitu vitatu: tishio lenyewe, yaani ardhi inaweza kutikisika kwa nguvu kiasi gani, watu na mali vilivyo njiani, na udhaifu wa majengo. Tishio hatuwezi kulipunguza hata kidogo. Viwili vilivyobaki viko mikononi mwetu.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 2010. Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, na waliokufa wanahesabiwa kwa laki. Februari, Chile ilipigwa na la 8.8, ambalo lilitoa nishati takriban mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa mia tano na ushee. Chile walikuwa na kanuni za ujenzi na walikuwa wakizisimamia.

Hiyo namba yenyewe inamaanisha nini? Tofauti ya 5.9 na 6.9 si moja tu?

Ni moja kwenye karatasi. Ardhini, kila ukipanda namba moja, mtikisiko unaoandikwa na mashine huwa mkubwa mara 10, na nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Kwa hiyo lile la Rukwa la 1910 lilitoa nishati kama mara 180 ya lile la Kagera. Kipimo cha awali kilibuniwa na Charles Richter mwaka 1935 kwa ajili ya California. Siku hizi wataalamu hutumia kipimo kingine kinachohesabu eneo la mwamba lililoteleza na umbali lilioteleza, ila redio na magazeti bado yanasema "kipimo cha Richter" na sioni sababu ya kugombana nayo.

Jambo la kushika ni kwamba tetemeko moja lina ukubwa mmoja lakini ukali mwingi. Ukubwa ni kama nguvu ya spika. Ukali ni jinsi wewe ulivyosikia muziki ukiwa mlango wa pili au mtaa wa tano. Ukali hupimwa kwa ngazi za Mercalli, kuanzia I, ambapo karibu hakuna anayehisi, hadi XII, ambapo kila kitu kimeharibika. Ukisikia mtu akisema "kwetu lilikuwa kubwa zaidi", anazungumzia ukali, na anaweza kuwa sahihi kabisa.

Kwa nini leo wanasema 5.7, kesho 5.9? Wanaficha?

Hawafichi. Namba ya kwanza hutolewa ndani ya dakika kwa kutumia vituo vichache. Data za vituo vya mbali zikifika, hesabu hurudiwa.

Tulisikia kishindo kwanza, halafu nyumba ikaanza kuyumba. Ni matetemeko mawili?

Ni moja. Mawimbi ya kwanza husukuma na kuvuta ardhi kama lori linapoligonga tela lake, na husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili huyumbisha ardhi upande kwa upande, yanakuja taratibu zaidi, na ndiyo yanayobomoa. Ukihesabu sekunde kati ya kishindo na mwanzo wa kuyumba, zidisha kwa 8: utapata kilomita za kukadiria kati yako na chanzo. Sekunde tano ni kama kilomita 40. Wachache hukumbuka kuhesabu, nami siwalaumu.

Wanasayansi wanaweza kutabiri tetemeko?

Hapana. Hakuna mtu wala mashine duniani inayoweza kusema siku, mahali na ukubwa.

Si kwamba hawakujaribu. Februari 1975 mamlaka za China zilihamisha watu wa Haicheng kabla ya tetemeko kubwa, maana mitetemo midogo ilikuwa imeongezeka mno. Dunia ikadhani ufunguo umepatikana. Julai 1976 Tangshan, katika China hiyo hiyo, ilibomoka usiku bila onyo lolote, na hesabu ya serikali ni watu zaidi ya 240,000. Marekani, wataalamu walisema tetemeko la Parkfield, California, litakuja kabla ya mwaka 1993. Wakaizungushia sehemu hiyo vifaa vya kila aina, wakakaa wanasubiri. Lilikuja mwaka 2004.

Kwa upande wa manabii wa mitandaoni: matetemeko yenye ukubwa wa 5 na kuendelea hutokea zaidi ya elfu moja kwa mwaka duniani, yaani matatu au manne kila siku. Anayesema "wiki hii kutatokea tetemeko" hajatabiri chochote, kama vile anayesema wiki hii mahali fulani duniani mvua itanyesha. Mwulize wilaya, tarehe na ukubwa, halafu subiri.

Kama hamwezi kutabiri, mnafanya nini basi? "Asilimia 10 ndani ya miaka 50" ndiyo nini?

Tunakadiria uwezekano, na hapa ndipo lugha ya wataalamu inapowapoteza watu wengi.

Ramani za tishio huchorwa kwa kukusanya kumbukumbu za matetemeko yaliyopita, nyufa zinazojulikana, na mwendo wa ardhi unaopimwa kwa setilaiti. Kisha hesabu hutoa kiwango cha mtikisiko ambacho kina uwezekano wa asilimia 10 kuzidiwa katika miaka 50, umri wa kawaida wa jengo. Mhandisi anajenga kwa kiwango hicho. Namba hiyo hiyo ikigeuzwa huitwa "mtikisiko wa mara moja kwa miaka 475", na hapo balaa huanza: mtu anasikia miaka 475, anatoa miaka iliyopita tangu tetemeko la Rukwa la 1910, anahitimisha kwamba wajukuu wa wajukuu ndio watakaohangaika.

Mchezaji wa ludo anaelewa vizuri kuliko profesa. Sita hutoka kwa wastani mara moja katika kurusha dadu mara sita, lakini kila mtu amewahi kuona sita mbili zikifuatana, na kila mtu amewahi kukaa nyumbani raundi kumi akiisubiri. Miaka 475 ni wastani wa namna hiyo. Haina kalenda ndani yake.

Mitetemo midogo midogo ni nafuu, si inapunguza presha?

Imani hii imewahi kufikishwa mahakamani.

Mwanzoni mwa 2009 mji wa L'Aquila, Italia, ulitikiswa na mitetemo midogo kwa miezi. Fundi mmoja wa maabara alikuwa akitangaza kwamba anaweza kutabiri kwa kupima gesi ya radoni, na watu wakaingiwa hofu. Tarehe 31 Machi serikali iliitisha kikao cha wataalamu mjini humo. Afisa mmoja wa ulinzi wa raia aliiambia televisheni kwamba hali ni nzuri kwa kuwa nishati inaendelea kutoka, na mwandishi alipouliza kama basi watu wanywe glasi ya divai, akakubali na kutaja divai ya mkoa huo. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili, saa tisa na nusu, tetemeko la 6.3 likaua watu 309. Wazee wa pale walikuwa na desturi ya kutoka nje na kulala uwanjani baada ya mtikisiko. Ndugu wa marehemu walisema safari hii familia zilibaki ndani kwa sababu zilikuwa zimetulizwa.

Oktoba 2012 wanasayansi sita na afisa huyo walihukumiwa kifungo cha miaka sita. Dunia nzima ilipiga kelele kwamba sayansi inafungwa kwa kushindwa kutabiri. Sivyo. Kosa lililozungumzwa ni kuwahakikishia watu jambo ambalo hakuna anayelijua. Kwenye rufaa ya 2014 wanasayansi wote sita waliachiwa; afisa alibakiwa na miaka miwili. Kwa maoni yangu rufaa ilikuwa ya haki, lakini kila anayeshika kipaza sauti baada ya tetemeko angepaswa kuijua kesi hii kabla ya kutamka "msiwe na wasiwasi".

Tukirudi kwenye hesabu: kulipa deni la tetemeko moja la 6 kwa matetemeko ya 4 unahitaji takriban elfu moja. Mitetemo midogo hailipi deni hilo. Mara nyingi hutulia yenyewe, mara chache hutangulia kubwa, na wakati wa kuihisi hakuna njia ya uhakika ya kutofautisha.

Ile inayofuata tetemeko kubwa ni ya kawaida na hupungua siku hadi siku. Ila nyumba iliyokwisha kupasuka haihitaji mtikisiko mkubwa kumalizika, kwa hiyo usirudi kuchukua godoro.

Jirani yangu nyumba yake imesimama, yangu imeanguka. Tumejenga mwaka mmoja. Kwa nini?

Angalia udongo kwanza. Tikisa sahani ya ugali, kisha tikisa bakuli la uji. Udongo laini wenye maji, wa bondeni au kando ya ziwa, hukuza mtikisiko na kuurefusha. Mwaka 1985 Mexico City iliharibiwa vibaya na tetemeko lililotokea zaidi ya kilomita 300 mbali, kwa sababu sehemu ya mji imejengwa juu ya tope la ziwa la zamani.

Kisha angalia ukuta. Tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo zinabeba paa vizuri miaka hamsini, mradi hakuna anayezisukuma kwa upande. Tetemeko husukuma kwa upande. Nyumba za msonge za Wahaya, za miti na nyasi, zilikuwa nyepesi na zinanesa. Tulipohamia kwenye tofali na bati tulipata nyumba ya kudumu, lakini nondo na lenta nyingi zilibaki dukani.

Niongeze nini kwenye nyumba bila kufilisika?

Kabla ya yote, lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, si vipande juu ya milango na madirisha tu. Hiyo ndiyo inayofunga kuta nne zikawa kitu kimoja, kama pete za pipa. Nondo zake zipinde na kupishana kwenye kona, zisiishie pale. Jengea kwa saruji, si udongo. Ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye paa ndio unaoanguka mapema. Kama unaweza, ziba sehemu hiyo kwa mbao au bati badala ya tofali. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya au nondo. Madirisha yasisogee kona mno.

Kwa ghorofa, usimwachie fundi peke yake. Pale nguzo inapokutana na boriti, zile ringi za nondo zinatakiwa kukaribiana, na ndiko fundi anayebana matumizi hupunguza. Ghorofa lenye maduka wazi chini na vyumba vizito juu ni hatari zaidi, maana chini hakuna kuta za kusaidia.

Likitokea nikiwa ndani, nikimbie au nikae?

Ushauri unaotolewa duniani ni kuinama, kujifunika chini ya meza imara na kuishikilia hadi ardhi itulie. Ni ushauri mzuri kwa majengo yaliyojengwa vizuri na kwa aliye ghorofani. Wengi huumia wakikimbilia ngazi au kugongwa na vioo na vigae nje. Lakini ukiwa kwenye nyumba isiyo na ghorofa, ya udongo au ya tofali zisizo na nondo, mlango uko hatua mbili na nje ni uwanja, toka. Amua leo, ukiwa umetulia, nyumba yako ni ya aina gani.

Ukiwa nje, kaa mbali na kuta, nguzo za umeme na mabango. Mtikisiko ukiisha, zima jiko na gesi.

Na tsunami? Dar, Tanga na Mombasa ziko salama?

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 la Sumatra lilitokea kabla ya alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakatufikia mchana. Somalia ilipoteza watu karibu 300, Tanzania zaidi ya kumi. Kenya alikufa mmoja: polisi waliondoa watu ufukweni mapema, baada ya habari kutangulia mawimbi. Leo kuna mtandao wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, na Tanzania taarifa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa tetemeko la karibu na pwani yetu muda utakuwa mfupi. Mtikisiko mrefu ukiwa ufukweni, au bahari ikikauka ghafla kupita maji kupwa ya kawaida, panda juu. Usiende kuokota samaki.

Volkano, mabwawa, na ule ufa wa Kenya?

Volkano ndiyo. Mitetemo ya Natron ya 2007 iliambatana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kujipenyeza chini ya Gelai, na Septemba mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, Goma na Gisenyi zilitikisika mamia ya mara na barabara zikapasuka. Mabwawa pia yanaweza: la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilipokuwa likijaa, lilisababisha matetemeko, na la 1963 lilizidi 6.

Ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018, ambao mitandao ilitangaza kuwa Afrika inapasuka, ulionekana baada ya mvua kubwa, na wajiolojia wengi waliona ni maji yaliyosomba majivu ya volkano ya zamani yaliyojaa chini. Afrika inapasuka kweli, lakini kwa mamilioni ya miaka. Uza kiwanja chako kwa sababu nyingine.

Nikihisi tetemeko, kuna faida yoyote ya kuripoti?

Kubwa. Vituo vyetu vya kupima ni vichache na viko mbali mbali, hivyo maelezo ya watu hujaza mapengo ya ramani ya ukali. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina fomu ya mtandaoni inayopokea taarifa kutoka popote, na Tanzania kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iliyoko Dodoma. Andika saa kamili, mtaa au kijiji, kama ulikuwa chini au ghorofa ya ngapi, ulikuwa umekaa, umelala au unatembea, na nini kilisogea: maji kwenye ndoo, vyombo kabatini, kuta. Kama hukuhisi kitu wakati wenzako walihisi, ripoti hivyo pia.